MALI INAYOPANDA HEWANI

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, iliyosomwa Mkange mbele ya wanachama na wageni katika sikukuu ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu cha Ushirika





Halmashauri ya sikukuu hii imenipa kazi ambayo si nyepesi. Wenzangu waliotangulia wamesema juu ya ghala, juu ya mizani, na juu ya minada ya ufuta na korosho. Nao wamesema vizuri, kwa kuwa mambo hayo huonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono. Mimi nimeambiwa niseme juu ya ile mashine ya kutoa mbolea katika maji machafu, ambayo tangu mwezi wa nne imekuwa mazungumzo ya kila baraza. Wako wanaosema kuwa Katibu amepata wazimu, ati anataka kuuza maji ya chooni. Wako wanaosema kuwa Katibu ameona utajiri naye anataka kuuficha. Penye wengi hapakosi mengi. Lakini kwa kuwa fedha zinazozungumzwa ni akiba ya wanachama wote, yafaa kila mtu ayasikie mambo haya mwanzo hata mwisho, mahali pamoja, kabla ya kura ya mkutano mkuu.

Naomba radhi mapema kwa wazee na kwa mama zetu. Nitalazimika kutaja haja ndogo mara nyingi kuliko zinavyopenda adabu zetu za pwani. Lakini wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami leo sina budi kuinama.

Nianze na msimu ambao hakuna aliyeusahau. Vita vilipoanza kule Ukraine mwezi wa Februari mwaka 2022, bei ya mbolea duniani, ambayo ilikwisha anza kupanda mwaka uliotangulia, iliruka juu kama moto wa mbuga. Hapa Tanzania mfuko wa Urea wa kilo 50 ulipita shilingi 100,000. Mwezi wa Agosti mwaka ule Serikali ilileta ruzuku, na mfuko ukawekwa kwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyeandikishwa. Tulishukuru sana. Lakini bei njema ya mfuko usiofika haijazi ghala. Tuliandikisha wanachama wetu, tukapeleka hesabu yao, na msambazaji mmoja akatuahidi kuwa mzigo ungefika kabla ya mvua za masika ya 2023. Ulifika mahindi yamekwisha toa mbelewele. Mzee mmoja alikuja ofisini, akauweka mfuko wake mlangoni, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu Katibu, mbolea hii sasa nimlishe nani?" Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lililonianzisha kusoma habari za mbolea, na tangu siku ile nimekuwa nikizisoma usiku baada ya usiku.

Kwanza nilitaka kujua tunanunua nini hasa. Katika kilo 100 za Urea mna kilo 46 za naitrojeni. Basi katika mfuko wetu wa kilo 50 mna kilo 23. Naitrojeni ndiyo inayolipa jani la hindi ukijani wake. Mmea ukiikosa huwa wa manjano kuanzia majani ya chini, kama tunavyoona katika mashamba yaliyochoka. Ajabu ni kwamba naitrojeni imetuzunguka pande zote, maana katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 78 ni naitrojeni. Lakini mahindi hayawezi kuila ikiwa hewani. Mimea ya jamii ya kunde huipata, tena kwa msaada wa vijidudu vinavyokaa katika vifundo vya mizizi yake.

Mwaka 1909 mtaalamu wa Ujerumani, Fritz Haber, alionyesha njia ya kuikamata naitrojeni ya hewani na kuiunganisha na haidrojeni, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, ikawa amonia. Carl Bosch aliigeuza njia hiyo kuwa kazi ya kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza kikaanza kazi kule Oppau. Hata leo karibu mbolea yote ya naitrojeni itokayo viwandani hupatikana kwa njia hiyo, na haidrojeni yake hutolewa zaidi katika gesi ya ardhini na makaa ya mawe. Kwa hiyo gesi ikipanda bei Ulaya, mahindi ya Mkange huugua.

Nasi tulikuwa na kiwanda chetu cha mbolea mjini Tanga, jirani zetu wa kaskazini kwa njia ya pwani. Kilianza kazi mwaka 1972, kikafungwa mwaka 1991. Kilitegemea malighafi nyingi zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Nakitaja kwa kuwa fundisho lake litarudi mwishoni mwa maneno yangu: kinachosimama kwa mguu wa mtu mwingine huanguka mtu huyo akihama.

Sasa tuje kwenye kile tunachokitupa. Naitrojeni tunayokula katika maharage, kunde, samaki na nyama haikai mwilini mwa mtu mzima; karibu yote hutoka tena, na sehemu iliyo kubwa hutoka katika haja ndogo. Mwaka 2004 wataalamu wa Sweden, kwa kupiga hesabu ya vyakula vya nchi mbalimbali, walikadiria kuwa mtu mmoja wa Uganda hutoa kilo 2.5 za naitrojeni kwa mwaka, na katika hizo kilo 2.2 zimo katika mkojo. Tuseme kuwa chakula chetu hakipishani sana na chao, kisha mpige hesabu pamoja nami. Mfuko wa Urea una kilo 23. Gawanyeni kwa 2.2. Watu kumi au kumi na mmoja, kwa mwaka mzima, hutoa naitrojeni ya mfuko mmoja wa Urea. Watu 1,000 hutoa kilo 2,200, yaani naitrojeni ya mifuko 95 na zaidi. Wala hakuna lori linalotuletea, wala hakuna msambazaji wa kuichelewesha.

Inakwenda wapi? Mkojo unapotoka mwilini, naitrojeni yake zaidi huwa katika umbo la urea, jina lile lile la mfukoni, na ni kitu kile kile. Baada ya siku chache vijidudu huigeuza kuwa amonia. Ile harufu kali inayochoma macho katika choo cha soko mchana wa jua, au katika zizi la ng'ombe asubuhi, ndiyo amonia yenyewe. Ni mbolea inayopanda hewani mbele ya pua zetu. Nyingine hushuka ardhini, ikageuka naitreti, na yaweza kufika visimani. Katika miji hufika mitoni na baharini, ikalisha mwani na magugu badala ya mahindi. Basi tunapoteza mara mbili: tunanunua mbolea ya ng'ambo, na ile tuliyo nayo tunaigeuza kuwa uchafu.

Hiyo ndiyo sababu ya mashine. Sasa nieleze ilivyo.

Watu wa Saadani na wa Bagamoyo wanayajua mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika vibwawa, jua huyakausha, chumvi ikabaki. Ni kazi ya miguu na mikono, na mvua isiyo ya wakati wake huiharibu yote. Wajapani nao walikuwa na mashamba ya chumvi kwa karne nyingi. Walakini kufika mwaka 1972 walikuwa wameyaacha katika kazi ya viwanda, wakashika njia ya umeme. Maji ya bahari hupitishwa katikati ya tando nyembamba za plastiki. Umeme huvuta chumvi ipenye katika tando hizo. Maji mazito ya chumvi hukusanyika upande wake, kisha huchemshwa. Njia hiyo ndiyo mama wa mashine tunayoizungumza.

Siri yake ni hii. Chumvi inapoyeyuka majini hugawanyika kuwa chembe ndogo sana za namna mbili: moja ina chaji chanya, na nyingine ina chaji hasi, mfano wa ncha mbili za betri ya tochi. Ukitia majini vipande viwili vya madini vilivyofungwa kwenye umeme, chembe chanya huvutwa kwenye ncha hasi, na chembe hasi huvutwa kwenye ncha chanya. Hilo lilijulikana zamani. Lililokuwa likitafutwa ni mlango ulio imara. Mwaka 1950 wataalamu wa Marekani, Walter Juda na W. A. McRae, walitangaza habari za tando walizozitengeneza kwa kazi hiyo. Zipo namna mbili: utando mmoja huruhusu chembe chanya tu, na mwingine huruhusu chembe hasi tu. Ni kama mabawabu wawili, mmoja akiwa na amri ya kupitisha wanaume, na mwenzake akiwa na amri ya kupitisha wanawake.

Sasa zipange tando hizo kwa zamu, moja ya namna hii na moja ya namna ile, kama kurasa za kitabu, kisha upitishe maji katikati ya kurasa. Chembe zitatoka katika ukurasa mmoja, zitaingia katika wa pili, na zikitaka kuendelea mbele zitamkuta bawabu asiyezijua. Hapo hukwama na kurundikana. Ndiyo maana mfereji mmoja hutoa maji yaliyopungua chumvi, na mfereji wa jirani yake hutoa maji mazito.

Amonia iliyomo katika maji machafu aghalabu huwa katika umbo la chembe chanya iitwayo amoniamu. Basi umeme huivuta kama unavyoivuta chumvi. Huko Australia, mwaka 2018, walitangaza majaribio ya mashine ya namna hiyo, iliyolishwa maji yanayobaki baada ya tope la vyooni kuozeshwa na kukamuliwa. Walipata maji mazito yenye miligramu 7,100 hivi za naitrojeni katika kila lita, kwa kutumia uniti 5 hivi za umeme kwa kilo moja ya naitrojeni.

Iko namna ya pili, iliyoongeza hatua moja. Mahali penye ncha hasi, umeme huyavunja maji na kuyafanya makali kama maji ya magadi. Amoniamu ikifika katika maji ya namna hiyo hupoteza chaji yake, ikawa gesi ya amonia. Hapo huwekwa utando wa tatu, ulio mbali na wale wa kwanza: una vitundu vidogo mno, nao haulowi, kama jani la mgimbi linavyoyakataa maji. Maji hayapiti, gesi hupita. Ng'ambo ya pili gesi huikuta asidi ya salfa, ikashikwa, ikawa salfeti ya amonia iliyoyeyuka; ndiyo ile SA mnayoijua madukani. William Tarpeh na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza mwaka 2018 kuwa kwa njia hiyo, ndani ya maabara, walikamata sehemu 93 katika kila sehemu 100 za naitrojeni ya mkojo.

Wala msidhani kuwa mambo haya ni ya Wazungu na Wamarekani peke yao. Tarpeh huyo huyo na wenzake, wakiwamo wa Kenya, walifanya majaribio Nairobi kwa mkojo wa vyoo vya kampuni ya Sanergy, vyoo vya mitaa ya watu maskini vinavyotenga haja ndogo na haja kubwa. Huko hawakutumia umeme. Waliupitisha mkojo katika punje za resini zinazonasa amoniamu, kisha wakaziosha punje kwa asidi, wakapata SA. Habari hizo nazo zilitolewa mwaka 2018. Na mwaka 2025, kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Orisa Coombs na Tarpeh walitoa habari za mashine inayoendeshwa kwa paneli za jua. Uzuri wake ni kwamba joto la nyuma ya paneli halipotei: hupelekwa kwenye mkojo, amonia ikatoka upesi zaidi, na paneli zenyewe zikapoa na kutoa umeme zaidi. Walipiga hesabu wakaona kuwa katika Uganda, ambako mbolea ni ghali na umeme haujaenea, kila kilo ya naitrojeni ingeweza kuleta hadi dola 4.13, zaidi ya mara mbili ya ambavyo ingeleta Marekani.

Ndugu wanachama, habari hiyo ya Uganda ndiyo iliyokuja Mkange mwezi wa nne, mkobani mwa mgeni mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Alikuwa na picha nzuri na maneno mazuri kuliko picha. Alituambia kuwa tukimkabidhi akiba yetu ya miaka kumi atatuletea mashine, nayo itatutosheleza mbolea tusinunue tena. Halmashauri ilipoulizwa nani anaunga mkono, mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa huu wangu. Nakiri mbele yenu, kwa sababu kumbukumbu za mkutano zinaonyesha hivyo, na Katibu asiyesoma kumbukumbu zake mwenyewe hafai kazi. Nilimkumbuka yule mzee na mfuko wake mlangoni, nikaona jibu limekuja. Ni Bwana Mwenyekiti aliyesema: "Tusikimbilie. Katibu, nenda ukapige hesabu." Nami nilikwenda. Hesabu zenyewe ndizo hizi.

Ya kwanza ni umeme. Katika yale majaribio ya maabara ya mwaka 2018, kilo moja ya naitrojeni ilikula uniti 8 na nusu hivi. Kwa naitrojeni ya mfuko mmoja wa Urea, kilo 23, utapata uniti 195. Tukihesabu uniti moja kwa shilingi 350, ni shilingi 68,250. Huo ni umeme peke yake, kabla ya kununua msumari mmoja. Mkumbuke kuwa mfuko wa ruzuku wa msimu wa 2022/2023 ulikuwa shilingi 70,000. Mtaniambia jua ni bure. Naam, jua ni bure, paneli si bure.

Ya pili ni asidi. Kukamata kilo moja ya naitrojeni kwahitaji kilo 3 na nusu za asidi ya salfa. Kwa mfuko wetu mmoja ni kilo 80. Asidi hii hula nguo, ngozi na macho, nasi ghala letu lina bawabu mmoja na paka. Tena hatuitengenezi, hatuna budi kuinunua kwa wengine. Ndipo nilipoikumbuka Tanga. Tungekuwa tumeuacha utumwa wa mbolea tukaingia katika utumwa wa asidi na wa tando, kwa kuwa tando nazo huziba kwa chokaa na uchafu, hutaka kuoshwa na kubadilishwa, nazo hutoka ng'ambo.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni maji yenyewe. Mkojo uliowekwa peke yake una miligramu elfu kadha za naitrojeni katika lita moja. Maji machafu ya mfereji wa mji, yaliyokwisha changanyika na ya kuogea na ya kufulia, aghalabu huwa na makumi tu. Umeme unaotafuta chembe chache katika maji mengi ni kama mtu anayetafuta sindano katika nyasi. Ninyi wakulima wa ufuta mnalijua jambo hili kuliko mtaalamu yeyote. Ufuta safi unapata bei mnadani. Ufuta ule ule ukichanganywa na mchanga hushushwa bei, na kuutenga tena ni gharama kuliko faida. Vyoo vyetu vya Mkange vyote ni vya kuchanganya. Mashine ingekuja leo, ingekosa chakula.

Na ile dola 4.13? Nilirudi kuisoma mara tatu. Imeandikwa "hadi". Neno hilo ni dogo, lakini limebeba mzigo mkubwa. Ni hesabu ya wataalamu waaminifu juu ya mambo yanavyoweza kuwa. Si risiti ya mkulima aliyekwisha uza. Wataalamu hawakutudanganya. Aliyetudanganya ni yule aliyeliondoa neno hilo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, ushauri wangu ni kwamba akiba yetu isiguswe kwa kununua mashine hii. Naushusha mkono wangu hadharani kama nilivyouinua hadharani.

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi elimu hii ni ya uongo, wala sisemi turudi nyumbani tukaendelee kunusa mali yetu ikipanda hewani. Nina mashauri matatu.

Shauri la kwanza: tuanze na kutenga, kwa sababu kutenga hakuhitaji umeme. Tujenge choo kimoja cha kutenga pale ghalani, ambako watu hupanga foleni siku za ufuta, na kingine sokoni, chenye matangi yaliyofunikwa barabara. Kifuniko kikiwa wazi, amonia hukimbia. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2006, lilisema kuwa mkojo uliokusanywa kwa watu wengi ukiwekwa miezi sita katika joto la digrii 20 au zaidi, waweza kutumiwa kwa mazao ya kila namna. Joto hilo sisi hatulinunui. Hutiwa katika mfereji kando ya mmea, si juu ya majani; hufukiwa kwa udongo papo hapo; na mwezi mmoja kabla ya mavuno huachwa. Wenye mashamba karibu na bahari wawe waangalifu, kwa kuwa mkojo una chumvi, na ardhi yao inayo ya kutosha.

Hapo pia sitawaficha tabu yake. Mtu mmoja hutoa lita 500 hivi kwa mwaka. Watu kumi na mmoja ni lita 5,500, yaani mapipa 27 na nusu ya lita 200, kwa ajili ya naitrojeni ya mfuko mmoja ambao mtoto wa shule aweza kuusukuma kwa baiskeli. Ndiyo maana kazi hii inafaa bustani, migomba na mashamba yaliyo karibu na choo. Shamba la mbali kule upande wa Wami haliwezi. Na ndiyo maana mashine ina maana yake: naitrojeni ile ile ya mapipa hayo ikigeuzwa SA hupata uzito wa kilo 108 tu. Mashine haitengenezi mbolea mpya, inaupunguza mzigo. Tukilielewa hilo hatutadanganywa tena na mgeni yeyote.

Naomba tumwite Bwana Shamba, tugawe shamba moja vipande vitatu: kipande kisichotiwa kitu, kipande cha Urea, na kipande cha mkojo uliokaa. Mavuno tuyapime kwa mizani yetu wenyewe, mbele ya macho yetu, na hesabu ibandikwe mlangoni mwa ofisi.

Shauri la pili: mahali pa mashine ni mjini, na sisi tuwe wanunuzi. Katika Dar es Salaam malori hunyonya vyoo kila siku na kupeleka mabwawani, kama yale ya Vingunguti. Mji hauna budi kulipia usafi, ipatikane mbolea au isipatikane. Basi mashine ikiwekwa pale itakuwa na mishahara miwili: mmoja wa kusafisha maji, na wa pili wa kuuza mbolea. Kwetu ingekuwa na mmoja tu, nao hautoshi. Lakini mwenye kiwanda atauliza: nani atanunua? Hapo ndipo Chama Kikuu kina nguvu kuliko mtu mmoja. Tuwaandikie wakuu wa maji machafu wa mji, tuwaambie kuwa wakulima wa Bagamoyo na Chalinze, idadi yao hii, ekari zao hizi, wako tayari kununua mbolea ya namna hiyo siku itakapotoka, ikiwa imepimwa na wenye mamlaka na bei yake haizidi ya dukani. Barua haili akiba. Na ilikuwa hivyo hivyo tulipoanza: mnunuzi wa ufuta hakumsikiliza mkulima mmoja mwenye gunia moja, alisikiliza tulipokuja na ghala zima.

Shauri la tatu: sehemu ya faida ya mwaka huu tuwasomeshe vijana wawili wa hapa, mmoja umeme na mmoja kemia, msichana na mvulana. Mimi niliishia sekondari. Kusoma habari hizi kulinichukua usiku mwingi, na nyingine nilizielewa baada ya kuzisoma mara kumi. Angekuwako mtu wetu mwenye elimu hiyo mwezi wa nne, yule mgeni asingelala Mkange hata usiku mmoja. Paneli zikishuka bei, tando zikiboreka, na mtu akaja tena na mashine, nataka akute binti wa Mkange ameketi mezani, anamwuliza: uniti ngapi kwa kilo, na asidi itoke wapi?

Bwana Mwenyekiti, miaka kumi iliyopita tulianza na meza moja na daftari moja. Watu walisema hatutafika msimu wa pili. Tulifika kwa sababu tulikataa kuchanganya: hatukuchanganya ufuta na mchanga, wala fedha za wanachama na fedha za mifuko yetu, wala matumaini na hesabu. Naomba katika miaka kumi ijayo tuendelee hivyo hivyo.

Yule mzee wa mfuko yuko hapa leo. Ameketi safu ya pili, na naona anatabasamu. Mzee wangu, nimechelewa kukujibu. Mbolea ile ya mwaka ule ilikwisha potea. Lakini ya mwaka kesho, sehemu yake unayo wewe mwenyewe, na ninayo mimi, na wanayo wote waliokusanyika hapa. Kilichobaki ni kuitenga na kuifunika.